Mifupa ya Uso Ikivunjika: Daktari Hupitia Wapi Kuitengeneza?



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya mivunjiko ya mifupa ya uso na jinsi inavyotengenezwa kwa upasuaji. Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya bibi mmoja aliyefika wodini kwetu na mjukuu wake, dereva wa bodaboda. Kijana aligongana na pikipiki nyingine usiku, akavunjika taya la chini mahali pawili. Tulipomweleza bibi kwamba mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa akafanyiwe upasuaji, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Wanangu, uso si mguu. Kovu la mguu litafunikwa na suruali. La uso mtalifunika na nini?" Siku chache baadaye uvimbe ulianza kupungua, wakaomba ruhusa, wakaenda zao nyumbani.

Lile lilikuwa swali la haki, na sisi wauguzi hatukulijibu vizuri. Tulisema tu kwamba upasuaji ni lazima. Hatukumweleza bibi daktari angepitia wapi. Leo tunataka kulijibu sawasawa, maana wapo wengi wanaomrudisha mgonjwa nyumbani kwa hofu hiyohiyo, na hasara yake ni kubwa kuliko kovu lolote.

Jibu kwa kifupi ni hili: daktari wa upasuaji wa uso hakati mahali popote palipo karibu na mfupa uliovunjika. Hutafuta njia ambayo itamfikisha kwenye mfupa bila kuharibu mishipa ya fahamu, na ambayo kovu lake litajificha. Mara nyingi njia hiyo ni ndani ya mdomo, mahali ambapo hakuna atakayeiona.

MIFUPA YENYEWE

Uso una mifupa mingi iliyounganika. Taya la chini ndilo pekee linalotembea. Limeshikwa kwa viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Taya la juu limebeba meno ya juu na limeshikana na pua na mashimo ya macho. Mfupa wa shavu ndio unaotoa umbo la uso pembeni. Kuna mifupa midogo ya pua, na kuna tundu la jicho ambalo sakafu yake ni nyembamba sana. Juu ya yote kuna mfupa wa paji la uso.

Mifupa hii haivunjiki ovyo. Daktari Mfaransa René Le Fort alichunguza mafuvu ya maiti, na mwaka 1901 akaeleza kwamba taya la juu huvunjika kwa kufuata mistari mitatu inayojirudia. Mstari wa kwanza hupita juu ya mizizi ya meno, wa pili hupanda hadi kwenye pua, na wa tatu huutenga uso wote na fuvu. Hadi leo madaktari huitaja mivunjiko hiyo kwa jina lake. Taya la chini nalo lina sehemu zake dhaifu: pembeni mwa kidevu, kwenye kona nyuma ya magego, na kwenye shingo ya kiungo mbele ya sikio. Ndiyo maana mtu aliyepigwa upande mmoja wa taya yafaa achunguzwe upande wa pili pia, kwani mara nyingi huvunjika mahali pawili.

DALILI ZA KUTILIA MASHAKA

Uvimbe huficha mengi. Mtu aweza kuonekana amevimba tu, kumbe mfupa umevunjika. Yafaa mtu aliyeumia uso apelekwe hospitali akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

1. Meno hayakutani kama zamani. Hii ni dalili kubwa sana. Mwulize mgonjwa: "Ukiuma, meno yako yanakaa kama siku zote?" Yeye mwenyewe hujua.

2. Ganzi kwenye mdomo wa chini na kidevu, au kwenye shavu na mdomo wa juu.

3. Damu iliyovilia chini ya ulimi, au ufizi uliochanika katikati ya meno mawili.

4. Shavu lililobonyea, au mdomo usiofunguka vizuri.

5. Kuona vitu viwili viwili, jicho lililozama ndani, au jicho lisilogeuka kutazama juu.

6. Maji meupe kama ya kisima yakitoka puani au sikioni. Hayo yaweza kuwa maji ya ubongo. Mgonjwa asipenge kamasi, wala asizibwe pua kwa pamba.

UHAI KWANZA, UZURI BAADAYE

Mtu hafi kwa sababu ya taya kupinda. Hufa kwa kukosa hewa au kwa kupoteza damu. Taya la chini likivunjika pande zote mbili za kidevu, ulimi hukosa cha kuushika, ukarudi nyuma na kuziba koo. Majeruhi wa namna hii akilazwa chali anaweza kufa njiani. Kama ana fahamu na anataka kukaa, mwacheni akae, ainame mbele, damu na mate vitoke nje. Kama hana fahamu, alazwe kwa ubavu, kichwa, shingo na mwili vigeuzwe pamoja kama gogo, kwa sababu pigo lililovunja uso laweza kuwa limeumiza shingo pia. Kwa sababu hiyo hiyo asipakiwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Tafuteni gari.

Kilichotoka kinywani msikitupe. Jino la mtu mzima lililong'oka zima lishikwe upande wa kutafunia, si kwenye mzizi. Liwekwe katika maziwa na liletwe upesi. Likirudishwa ndani ya saa moja lina nafasi nzuri ya kushika tena.

Kwa majeruhi wa ajali au wa kupigwa, hapa Tanzania hutakiwa fomu ya polisi, yaani PF3. Ndugu mmoja aifuate fomu hiyo polisi wakati mwingine anampeleka mgonjwa hospitali. Tuseme na jambo jingine, ingawa ni zito. Baadhi ya akina mama wanaoletwa na shavu lililobonyea huambiwa waseme kwamba walianguka bafuni. Mama, unaweza kutuambia ukweli tukiwa peke yetu. Tutakutibu vilevile, na tutakuonyesha pa kupata msaada.

JE, KILA MVUNJIKO HUPASULIWA?

Hapana. Mfupa uliopata ufa tu bila kuhama, meno yakiwa yanakutana vizuri, waweza kupona kwa chakula laini na uangalizi. Pua iliyopinda mara nyingi hunyooshwa bila kukata kitu: daktari huingiza chombo chembamba puani akauinua mfupa, kisha huweka plasta ngumu juu yake. Daktari huamua baada ya kumpapasa mgonjwa, kutazama meno, kupima macho, na kupiga picha za eksirei. Kwa mifupa ya katikati ya uso, kipimo cha CT skani huonyesha zaidi kuliko eksirei ya kawaida, nacho hupatikana katika hospitali kubwa.

KUFUNGA MENO

Kazi ya zamani kuliko zote katika tiba hii ni kufunga meno. Wagiriki wa kale, wakati wa Hippocrates, walifunga pamoja meno yaliyo kandokando ya mvunjiko kwa uzi wa dhahabu au wa kitani. Mwaka 1887 daktari wa meno wa Marekani, Thomas Gilmer, alieleza jinsi ya kufunga meno ya chini kwa ya juu kwa waya, ili taya zima lililo juu liwe kama banzi la lile lililovunjika.

Hekima yake ni hii: meno ya kila mtu yamezoeana. Yakirudishwa yanavyokutana, mfupa uliovunjika nao umerudi mahali pake. Daktari hufunga upau mwembamba wa chuma kwenye meno ya juu na mwingine kwenye ya chini, kisha huzifunga pau hizo mbili pamoja kwa waya au mipira midogo. Kwa mtu mzima kinywa hukaa kimefungwa kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Kwa mtoto ni muda mfupi zaidi. Kazi hii haihitaji kukata ngozi kabisa, na mara nyingine hufanywa kwa sindano ya ganzi tu.

Lakini ina udhia wake. Mgonjwa hula vya majimaji kwa wiki zote hizo, hukonda, na huongea kwa kubana meno. Tena si salama kwa kila mtu. Mwenye kifafa, mwenye pumu kali au mlevi wa kupindukia yumo hatarini akitapika au kubanwa pumzi huku kinywa kimefungwa. Mweleze daktari mambo haya bila kuficha.

NJIA ZA KUFIKIA MFUPA

Sasa tufike kwenye swali la bibi. Mfupa ukiwa umehama, au umevunjika vipande, daktari huufungua, huvipanga vipande na kuvishika kwa vibamba vidogo vya titaniamu na skrubu fupi. Mpaka miaka ya 1970 wengi walitegemea waya na vibamba vikubwa. Ndipo madaktari wa Ufaransa, akiwamo Maxime Champy wa Strasbourg, walipoonyesha kwamba kibamba kidogo kikiwekwa kwenye mstari unaovutwa zaidi na misuli hutosha kulishika taya, na kwamba chaweza kuwekwa kwa kupitia mdomoni. Hapo makovu ya nje yalipungua sana.

Kabla ya kuanza, mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Mrija wa hewa mara nyingi hupitishwa puani badala ya mdomoni, ili daktari aweze kuyafunga meno na kuona kama yanakutana. Ndugu wakimwona mgonjwa ametoka na mrija puani wasishtuke.

Njia za kupitia ni hizi:

(a) Ndani ya mdomo. Mdomo wa chini huvutwa nje, na daktari hukata ule utando laini kati ya mdomo na ufizi. Kwa njia hii hufikia kidevu na sehemu kubwa ya taya la chini. Hujihadhari na mshipa wa fahamu unaotokeza kwenye mfupa chini ya meno yaliyo nyuma ya chonge, kwa kuwa huo ndio unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Kwenye kona ya taya, ambako bisibisi haiwezi kunyooka, hutoboa shavu kitundu kidogo cha milimita chache ili apitishe skrubu. Alama yake baadaye huitafuta kwa shida. Kwa taya la juu, hukata vivyo hivyo juu ya fizi za juu, akaunyanyua mdomo na shavu hadi chini ya jicho. Mfupa wote wa mbele huonekana, na usoni hakuna alama hata moja.

(b) Chini ya taya. Vipande vikiwa vingi, au mfupa umepata usaha, au mtu hana meno na taya limekuwa jembamba, njia ya mdomoni haitoshi. Hapo daktari hukata ngozi chini ya taya, upande wa shingoni, kwa kufuata mkunjo wa ngozi. Hakati juu ya ukingo wenyewe wa taya. Hushuka kama sentimita 2 chini yake, kwa kuwa karibu na ukingo hupita tawi la mshipa wa fahamu linaloshusha kona ya mdomo. Tawi hilo likikatwa, mtu hucheka upande. Kovu hukaa katika kivuli cha taya.

(c) Mbele ya sikio au nyuma ya kona ya taya. Hii ni kwa mivunjiko ya kiungo cha taya. Hapa mshipa mkuu wa fahamu unaoendesha misuli ya uso uko karibu sana, pamoja na tezi la mate. Ndiyo maana mivunjiko mingi ya kiungo hutibiwa bila kukata, kwa mipira na mazoezi, na kisu hutumika pale tu inapobidi.

(d) Panjani, ndani ya nywele. Mfupa wa shavu ukibonyea, waweza kuinuliwa kwa njia iliyoelezwa mwaka 1927 na Harold Gillies na wenzake huko Uingereza. Gillies ndiye aliyewatengeneza nyuso askari wengi waliojeruhiwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Daktari hukata kama sentimita 2 na nusu ndani ya nywele za panja, hupitisha chuma bapa chini ya utando wa msuli hadi nyuma ya mfupa, kisha huinua. Mara nyingine husikika mlio mfupa unaporudi mahali pake. Nywele zikiota, kovu limekwisha kufichika. Wapo wanaoinua mfupa huohuo kwa kupitia ndani ya mdomo, juu ya magego.

(e) Kwenye kope na nyusi. Sakafu ya tundu la jicho ikivunjika, daktari hupita kwenye kope la chini, ama kwa kukata mstari mwembamba chini ya nywele za kope, ama kwa kupita upande wa ndani wa kope ambako hakuna kovu la nje. Sakafu huzibwa kwa wavu wa titaniamu au kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Kwa pembe ya nje ya jicho hukata katika mkunjo wa kope la juu au kando ya nyusi. Nyusi hazinyolewi, kwa sababu zaweza kuota vibaya.

(f) Juu ya kichwa, sikio hadi sikio. Hii ndiyo inayowatisha ndugu kuliko zote wanapoisikia, lakini ndiyo inayoficha kovu vizuri. Paji la uso na mifupa ya sehemu ya juu ya uso ikivunjika vibaya, daktari hukata ngozi ya kichwa ndani ya nywele kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaishusha mbele kama kofia. Huona mifupa yote kwa mara moja, na hakuna alama kwenye paji. Kwa mwanamume anayeanza kupata upara, huupeleka mstari nyuma zaidi.

(g) Kidonda kilichopo. Ikiwa ajali yenyewe imekwisha kuchana ngozi juu ya mvunjiko, daktari huweza kupitia hapohapo, asiongeze kovu jingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa kwamba ndugu yako atapasuliwa uso, muulize daktari: "Utapitia wapi?" Swali hilo si utovu wa adabu. Ni haki yako, na daktari mzuri atakuonyesha kwa kidole.

WAKATI HAUNGOJI

Mfupa uliohama hauketi kumngoja mtu aamue. Mifupa ya uso ina damu nyingi, nayo huanza kushikana upesi. Pua ya mtu mzima inyooshwe kabla hazijapita siku 10 hivi, na ya mtoto mapema zaidi. Mfupa wa shavu hutengenezwa vizuri ndani ya wiki 2. Taya la chini, hasa likiwa limevunjika penye meno, linahitaji kushikwa ndani ya siku chache, kwa sababu vijidudu vya kinywani huingia kwenye mvunjiko. Mgonjwa hupewa dawa za kuua vijidudu na kinga ya pepopunda wakati akingoja.

Yapo mambo manne yasiyongoja hata kesho. Jicho linalovimba na kuwa gumu huku uwezo wa kuona ukipungua ni la saa, si la siku. Uvimbe wa damu ndani ya pua, kwenye ukuta wa katikati, ni lazima utolewe upesi, la sivyo gegedu hufa na pua hudidimia. Mtu mwenye taya lililovunjika anayekoroma au kushindwa kumeza mate yuko karibu kukosa hewa. La nne ni mtoto aliyepigwa jichoni, jicho linaonekana zuri tu, lakini haliwezi kutazama juu na anatapika. Kwa mtoto, mfupa laini wa tundu la jicho hufunguka na kujifunga kama mtego, ukaunasa msuli wa jicho. Msuli huo huharibika usipoachiliwa mapema, na wengi hudhani mtoto ana malaria au ameumia kichwa tu.

Juu ya watoto tuongeze hili. Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe akagonga kidevu, wazazi hutazama kidonda cha kidevu, kikashonwa, mambo yakaisha. Lakini nguvu ya pigo imepanda hadi kwenye viungo vya mbele ya masikio. Kiungo kikivunjika kisitambuliwe, chaweza kushikana kabisa, na mtoto akakua na kinywa kisichofunguka na kidevu kilichodumaa. Mtoto wa namna hiyo achunguzwe viungo vyote viwili, na afanyishwe mazoezi ya kufungua kinywa kama atakavyoelekezwa.

Kukanda uso uliovimba kwa maji ya moto, au kumpeleka mgonjwa kwa mwunga mifupa wa kienyeji, hakusaidii hapa. Mguu waweza kufungwa vijiti. Taya halifungiki hivyo. Siku za kwanza kinachofaa ni kitambaa chenye maji baridi, na kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa.

AKIRUDI NYUMBANI

Hapa ndipo ninyi ndugu mnapokuwa wauguzi. Tunawasihi myashike haya.

Kwanza, aliyefungwa meno kwa waya awe na koleo la kukatia waya karibu naye usiku na mchana, na mtu mmoja nyumbani awe ameonyeshwa waya zipi za kukata. Akitapika, akae na kuinamisha kichwa mbele. Matapishi hupita kati ya meno na mashavu. Waya hukatwa tu kama kweli hewa imeziba. Pombe asiiguse kabisa.

Pili, chakula. Uji mwepesi wa maziwa wenye karanga zilizosagwa laini, maziwa, supu ya nyama au samaki iliyochujwa, mtori uliozimuliwa na kuchujwa, parachichi lililopondwa na kuzimuliwa kwa maziwa, maji ya matunda. Apewe kidogo kidogo, mara 6 au zaidi kwa siku, kwa kikombe au mrija. Aliyewekewa vibamba bila kufungwa meno hula vyakula laini, asitafune vigumu kwa wiki kama 6. Mahindi ya kuchoma na miwa visubiri.

Tatu, usafi. Asukutue kwa maji vuguvugu yenye chumvi kila baada ya kula, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, na apige mswaki mdogo laini wa mtoto. Vidonda vya ndani ya mdomo hupona upesi vikiwa safi. Sigara huchelewesha kupona.

Nne, aliyevunjika shavu au tundu la jicho asipenge kamasi kwa angalau wiki 2, na zaidi kama daktari atasema. Akipenga, hewa huingia chini ya ngozi na jicho huvimba ghafla. Wala asilalie shavu lililoinuliwa.

Tano, arudi kliniki siku aliyopangiwa. Usaha, homa, kibamba kinachoonekana ufizini, au meno yaliyoanza kuachana ni sababu ya kurudi kabla ya siku hiyo. Vibamba vya titaniamu kwa kawaida huachwa mwilini maisha yote. Havina madhara, na hutolewa tu vikileta shida.

Haifai tuwafiche kwamba upasuaji huu nao una hatari zake. Ganzi ya mdomo yaweza kuendelea kwa miezi, na kwa wengine isiishe. Kope la chini laweza kuvutwa chini kidogo. Udhaifu wa upande mmoja wa uso waweza kutokea, na mara nyingi hupungua baada ya muda. Mwambieni daktari awaeleze mapema. Anayejua yatakayokuja huvumilia vizuri.

YALIYOMPATA KIJANA

Yule mjukuu alirudi kwetu baada ya miezi 2 na nusu. Uvimbe ulikuwa umekwisha, lakini kidevu kilikuwa kimeelekea upande mmoja na meno ya mbele hayakugusana kabisa. Alikuwa hawezi kutafuna hata wali. Alikonda, akaacha kazi, na alikuwa akiongea huku ameziba mdomo kwa kiganja. Taya lilikuwa limeshikana vibaya. Alipelekwa hospitali ya rufaa, na huko ilibidi mfupa uliokwisha kuunga ukatwe upya, upangwe, ndipo uwekewe vibamba. Kazi ambayo ingekuwa fupi ikawa ndefu, na gharama ikazidi.

Alipokuja kututembelea, bibi alikuwa naye. Alimshika mjukuu kidevu, akampapasa chini ya taya na shingoni, akitafuta. Hakuona kitu. Daktari alikuwa amepita ndani ya mdomo. Bibi akatugeukia, akasema: "Mbona siku ile hamkusema?"

Ndiyo maana tumesema leo. Hospitali kubwa kama Muhimbili na Bugando zina madaktari wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, na hospitali ya karibu nawe itakuelekeza. Nanyi vijana wa bodaboda, kofia ngumu inayofunika kichwa pekee hulinda ubongo lakini huacha taya wazi; ile yenye kinga mbele ya kidevu hulinda vyote viwili. Ivaeni na muifunge kamba yake, na abiria naye apewe ya kwake.